Mama Simama na Mgonjwa Aliyekataa Kulazwa

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi katika hospitali yetu, zaidi ya nusu yake akiwa muuguzi kiongozi wa kitengo cha upasuaji wa kutwa, Mama Simama anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya programu hii. Nilikubali haraka, kisha nikajuta. Mgeni ni rahisi kumsifu. Unasema mawili matatu unaondoka zako. Huyu atakuwa amekaa mstari wa mbele, miwani puani, akipitia neno moja baada ya jingine akitafuta nilipokosea, na hakuna aliyewahi kumwona akikosa kupata.

Mwandishi wenu ni daktari wa usingizi. Kazi yangu ni kuwalaza watu na kazi yake ni kuwasimamisha, kwa hiyo msitegemee kwamba tumeishi miaka yote hii kama chanda na pete. Tumegombana sana. Tumegombana kuhusu madirisha, kuhusu wagonjwa wanaochelewa kuamka, na kuhusu chai yake ambayo ina sukari ya kutosha kumwamsha mgonjwa bila dawa. Lakini nikiambiwa nichague mtu wa kuwa pembeni yangu siku mambo yanapoharibika, sitafikiri mara mbili.

Jina la Mama Simama alipewa na wagonjwa wenyewe. Kitengo chetu kinatibu zaidi mishipa ya miguu iliyovimba, ile inayotokeza chini ya ngozi na kujinyonganyonga kama mizizi ya mti. Mishipa hii ina tabia ya kuudhi: mgonjwa akilala, inanywea na kujificha, akisimama, inajaa damu na kuonekana yote. Ndiyo maana kabla ya upasuaji mgonjwa husimama wima, daktari akaichora juu ya ngozi kwa kalamu ya wino mzito, ndipo apande kitandani. Kila asubuhi sauti ya Mama ilisikika mpaka mapokezi: "Simama, mwanangu. Simama, kaka. Simama vizuri, ukuta hauumwi, usiuegemee." Mkubwa mmoja wa ofisi nyeti alijaribu kuketi akisema amechoka na safari. Aliambiwa kwa heshima zote kwamba cheo kinaweza kukaa, miguu ibaki imesimama. Akasimama.

Alianza kazi wodi ya upasuaji ya wanaume akiwa binti mwembamba, hivyo ndivyo anavyodai, na picha zipo ukutani pale nyuma kwa wenye shaka. Baadaye alihamia chumba cha upasuaji, na kutoka hapo akakabidhiwa kitengo cha upasuaji wa kutwa kilipoanzishwa. Wakati huo kitengo kilikuwa vyumba viwili vilivyokuwa stoo ya magodoro, na harufu ya magodoro ilibaki kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda. Dirisha moja halikufungika, jingine halikufunguka. Tulifanya mambo madogo: vivimbe, ngiri za watoto, na baadaye mishipa ya miguu kwa wale wanaofanyiwa upasuaji mara ya kwanza. Mgonjwa aliingia asubuhi na kulala kwake jioni.

Wagonjwa wa marudio hatukuwagusa. Ubaya wa mishipa hii ni kwamba kwa baadhi ya watu hurudi. Unaitoa leo, baada ya miaka kadhaa mwingine unajichomoza palepale au jirani yake. Kuifuata mara ya pili ni kazi nyingine kabisa, maana unapita katikati ya makovu magumu, damu hutoka kirahisi na muda unakwenda. Daktari wetu bingwa wa upasuaji, ambaye sote tunamwita Mzee Polepole kwa sababu hajawahi kuharakishwa na mtu, alikuwa na msimamo usiotikisika: marudio wanalazwa wodi kubwa, siku nne au tano, waangaliwe. Nilikuwa upande wake, na sioni aibu kusema kwamba tulikuwa na sababu nzuri.

Kisha akaja mpishi wa shule.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mpishi wa shule ya bweni, mtu wa kusimama mbele ya masufuria tangu alfajiri. Mguu wake wa kushoto ulishafanyiwa upasuaji miaka kadhaa nyuma, na mishipa ilikuwa imerudi kwa nguvu zote. Juu ya kifundo palikuwa na kidonda ndugu, kile kisichotaka kupona, ambacho alikuwa akikifunga kitambaa na kwenda nacho jikoni. Alikuja kwetu kwa sababu mwalimu mkuu alimwambia kwamba kama kidonda hakitibiwi, hataweza kumwacha aendelee kushika chakula cha wanafunzi. Mzee Polepole alimpima, akamweleza ukweli kwa utulivu wake: bila upasuaji wa pili kidonda hicho hakitafunga, na upasuaji wa pili ni wa kulazwa.

Mpishi akakataa. Hakulia wala hakubishana. Alieleza tu kwamba anaishi na mama yake mzazi, ambaye macho yamekwisha na kumbukumbu nazo zinakwenda. Bibi huyo hulala akisikia sauti ya binti yake chumbani. Asipoisikia, huamka na kwenda kumtafuta. Safari ile ya kwanza, mpishi alipolazwa, jirani aliachiwa kumwangalia. Usiku wa pili bibi alifungua mlango, akatoka, akatumbukia mtaroni na kuvunjika nyonga. Tangu hapo alitembea kwa kujikongoja akishika ukuta, na mpishi alikula yamini kwamba hatalala tena nje ya nyumba ile mama yake akiwa hai. "Daktari," alisema huku akishusha gauni lake, "miguu ninayo miwili. Mama ninaye mmoja." Akachukua mkoba wake akaondoka.

Mama Simama alitoka nyuma yake, akampata getini, wakaongea. Sijui waliongea nini. Ninachojua ni kwamba kuanzia kesho yake jambo lile alilivalia njuga. Kila kikao cha asubuhi, kabla hatujaketi vizuri, alikuwa na swali. Wagonjwa wa marudio tunawalaza waangaliwe nini hasa? Damu, tukasema. Na nini kingine? Damu kuganda miguuni. Na dawa ya kuganda si kutembea mapema? Ni kutembea. Basi mbona tunawalaza chali siku nne? Mzee Polepole alisikiliza yote, halafu akauliza swali lake moja tu: "Na akitoka damu akiwa kwake, Mama, nani atakuwepo?"

Mama hakumumunya maneno. Alisema, "Jibu sina, Daktari. Ndiyo maana nitakwenda naye."

Hivyo ndivyo tulivyojaribu, kwa mgonjwa mmoja, kwa sharti la Mzee Polepole kwamba likiharibika jambo, mjadala umefungwa na mpishi atarudi wodi kubwa apende asipende. Mpishi mwenyewe aliambiwa sharti hilo na akalikubali. Tulimweka wa kwanza asubuhi. Mzee Polepole alitafuta kwa ultrasaundi mahali hasa damu ilipokuwa inavujia kurudi chini, ili asilazimike kupasua kovu lote la zamani. Mimi sikumlaza kabisa. Nilimpiga ganzi kando ya mshipa, hatua kwa hatua, akabaki macho. Muda wote wa upasuaji alitueleza jinsi ya kupika wali wa watu mia nne usishike chini. Mzee Polepole, ambaye hapendi kelele, alimuuliza maswali mawili kuhusu moto. Saa sita mchana mpishi alikuwa anatembea koridoni ameshikwa mkono na Mama Simama, bandeji kuanzia vidoleni hadi pajani, akicheka kwa woga.

Mdogo wake, dereva wa lori, ndiye aliyekuja kumchukua. Mama Simama alimweleza namna ya kufunga bandeji ikilegea: anza vidoleni, panda juu, kaza chini, legeza kadiri unavyopanda. Kijana mtu mzima, mwenye leseni ya kuendesha magari makubwa, akaitikia kila sentensi. "Nimeelewa, sista. Nimeelewa." Wakatangulia. Mama Simama alikabidhi funguo za kitengo, akabadilisha viatu, akawafuata.

Alipofika, jua likiwa halijazama, alikuta damu sakafuni. Bandeji ilikuwa imelegea njiani na dereva, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameifunga upya. Alianzia gotini akashuka chini, na akaikaza pale juu kwa nguvu zote za mtu anayefunga turubai la lori. Damu ikazuiwa kupanda, ikajaa chini, ikatafuta pa kutokea. Mpishi alikuwa amekaa kwenye kiti, kijasho kinamtoka, hasemi kitu ili mama yake asishtuke. Bibi, kwenye kitanda chake pembeni, alikuwa anauliza nani ameingia.

Mama Simama alimlaza mpishi chini, akainua mguu juu ya mito, akafungua ile bandeji na kubana mahali panapotoka damu kwa kiganja chake. Akabaki hivyo, haondoi mkono hata kuchungulia. Damu ilipokata alifunga upya, safari hii kutoka vidoleni. Vidole vilikuwa vya moto, rangi nzuri, vinacheza. Kwa maneno mengine, mambo yalikuwa yamekwisha. Dereva akashusha pumzi na kusema, "Sista, hili si la kumpelekea daktari. Limeisha hapahapa." Mpishi alimtazama, na mtu hakuhitaji kuelezwa macho yale yalikuwa yanaomba nini. Wote watatu walijua sharti. Simu moja ingetosha kumrudisha mpishi wodini jioni ileile, na bibi angebaki na mlango.

Alipiga simu. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini, akaniambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba kama angenyamaza, mgonjwa wa pili angetoka damu kwa namna ileile na hakuna ambaye angejua sababu.

Mzee Polepole alikuja na gari lake. Dereva alimfungulia mlango bila kumwangalia usoni. Mzee akakagua mguu, akaufungua, akaushika, akasubiri, akaufunga. Mishono yake ilikuwa salama, damu ilikuwa imetoka kwenye tundu dogo la pembeni. Halafu bibi, aliyekuwa amesikia hatua za mtu mgeni, akanyoosha mkono hewani. Mzee akaushika ule mkono, labda kwa adabu tu. Bibi akamuuliza kama amekula. Akamjibu kwamba bado. "Basi usiondoke," bibi akasema, "mwanangu yuko hapa, atakupikia." Kisha akaita jina la binti yake, binti akaitika kutoka kwenye mito, na bibi akatulia, akalala palepale huku ameushikilia mkono wa daktari bingwa wetu.

Mama Simama anasema Mzee hakujaribu kuutoa ule mkono kwa muda mrefu. Alipoutoa alikuwa ameshaamua. Hakumrudisha mpishi wodini. Alisema sharti lake lilikuwa zuri lakini limewekwa mahali pasipofaa: kilichoharibika ni mafunzo, upasuaji haukuwa na kosa. "Kuanzia sasa, Mama, hakuna ndugu atakayetoka na mgonjwa kabla hujamwona akifunga mguu kwa mikono yake mwenyewe." Dereva akafunga mguu wa dada yake mbele yao mara tatu, mpaka akaruhusiwa kwenda kulala.

Wenye kitengo chetu mnajua kilichofuata. Mguu wa kufanyia mtihani ulihitajika, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukaa na kufungwa bandeji mchana kutwa. Mama Simama akatoa wake. Tangu siku ile kila mume, kila shangazi, kila shemeji na jirani aliyekuja kumchukua mgonjwa alipiga magoti mbele ya kiti cha Mama, akafunga mguu wake kuanzia vidoleni, na kusubiri hukumu. Wengine walifaulu mara moja. Wengine walifungua na kufunga huku jasho likiwatoka. Mume mmoja aliufunga mguu pamoja na mguu wa kiti. Mwingine, mchungaji mwenye heshima zake, aliomba kwanza apewe nafasi ya kusali, akapewa, na bado akarudia. Ilikuwa kawaida kumwona Mama akikatiza koridoni mguu mmoja mwembamba na mwingine mnene kama gogo, kwa sababu aliitwa kwa dharura kabla ya kufunguliwa.

Kutokana na utaratibu huo, leo upasuaji wa marudio wa mishipa ya miguu hufanyika kwetu kwa kutwa, na kulazwa kumekuwa kwa wachache wenye haja nako kweli: wenye moyo dhaifu, wenye dawa za kuyeyusha damu, wasio na mtu nyumbani. Mama ni mkali kwa hao. Mtu akisema ana ndugu wa kumwangalia, Mama hutaka huyo ndugu aletwe amwone kwa macho yake. Amewahi kumzuia mgonjwa aliyekuwa tayari amevaa viatu, kwa sababu yule binamu aliyetajwa hakuwa na habari kwamba ametajwa. Muuguzi kumpigia mgonjwa simu jioni ileile, na kumtembelea anayekaa karibu, ni mambo ambayo wageni hudhani tuliyatoa kwenye kitabu. Tuliyatoa kwenye chumba kile cha mpishi na mama yake.

Siwezi kumaliza bila kueleza yaliyompata yeye mwenyewe, ingawa ameniomba nisieleze. Kusimama miaka yote hiyo kuna gharama. Mishipa yake ilivimba, tukaitibu, na miaka mitatu iliyopita ikarudi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Mama alipokilalia alituonyesha kunguni mmoja mmoja. Shuka lilikuwa la baridi. Ganzi yangu ilichelewa. Kalamu ya Mzee Polepole ilimtekenya. Saa moja baada ya upasuaji kitanda chake kilikutwa kitupu. Alikuwa kitanda cha tatu, amevaa gauni la mgonjwa lililo wazi mgongoni, anamrekebishia mwenzake bandeji.

Mumewe, fundi viatu, mtu mpole asiye na makuu, alikuja kumchukua. Sheria ni sheria, lakini mguu wa mtihani ndio uliokuwa umetoka kupasuliwa. Tukatazamana. Mzee Polepole akavua kiatu, akakunja suruali, akakaa kwenye kile kiti. Fundi viatu akaanza, na kutoka kitandani ikaja sauti: "Baba watoto, kisigino! Umeacha kisigino wazi! Wewe ni fundi viatu, unaachaje kisigino?" Alifaulu mara ya tatu. Mzee Polepole alisema baadaye kwamba hajawahi kuona vidole vyake vikiwa na mpangilio mzuri namna ile.

Anatuacha na wauguzi aliowalea, ambao sasa wana sauti kama yake na, Mungu atusaidie, chai kama yake. Anaondoka na mume wake, watoto wanne, wajukuu ambao idadi yao hubadilika kulingana na anayesimulia, na miguu miwili tuliyoitengeneza kadiri ya uwezo wetu. Tumemwandikia dawa moja tu ya kustaafu: kuketi. Hatuna matumaini makubwa kwamba ataitumia.

Wiki iliyopita mpishi wa shule alikuja kitengoni. Siku hizi ndiye mkuu wa jiko lao. Kidonda kilifunga zamani, limebaki baka la rangi ya chai. Alisikia habari za sherehe akataka kujua kama anaweza kusema neno, nami nikamwambia ratiba imejaa ila programu bado haijachapwa. Akakaa nje akifikiri, kisha akaniita. Mama yake, alisema, alifariki mwaka jana, kitandani pake, akiwa mzee sana. Hakuwa akimjua tena mtu yeyote kwa jina. Lakini kila usiku aliita, na kila usiku aliitikiwa, hadi ule wa mwisho. "Andika hivyo tu, Daktari," akaniambia. "Mwambie sista, mama aliita nikaitika."

Nimeandika.

Mama, kwa niaba ya wote walioitikiwa, tunakushukuru. Tunakuombea afya, amani na umri mrefu.